Fedha Yao Inakuwa Yako Lini?

Zuhura mwanangu,

Ujumbe wako tumeusoma. Unauliza kama ukiingia kwenye 401(k), yaani mpango wa akiba ya uzeeni wa kazi mpya hapo Dallas, utazuiwa kuchangia IRA, akaunti yako binafsi ya akiba ya uzeeni, na kama uchague IRA ya kawaida (unapunguziwa kodi sasa) au Roth (unalipa kodi sasa, uzeeni hulipi). Huzuiwi. Dola 7,000 za mwaka wa 2025 unaziweka vilevile. Kinachoguswa ni punguzo la kodi, yaani kuutoa mchango huo kwenye pato linalotozwa kodi. Lakini ningekuwa wewe ningeanza na swali jingine: fedha wanayokuwekea wao, waajiri wako, inakuwa yako lini?

Unaikumbuka ile nyumba ya wazee nilikokuwa nakesha, wewe ukiwa darasa la pili? Mwaka 2001 mimi sikuchangia mpango wao hata senti. Wao wenyewe, bila kuniuliza, wakaniwekea dola mia tatu na kidogo. Ikaja W-2, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi, kisanduku cha mpango wa uzeeni kimetiwa alama (siku hizi ni cha 13, kitazame cha kwako). Basi, kisheria nikawa mtu mwenye mpango kazini. Na kwa zile ovataimu, mimi na mama yako tulikuwa tumevuka dola 63,000, kikomo cha wakati ule kwa wenye ndoa walio na mpango kazini, kwa hiyo IRA yangu ya dola 2,000 haikupata punguzo lolote. Ya mama yako, ambaye kazini kwake hapakuwa na mpango, ikapita yote! Alinicheka mpaka machozi. Kisha nikaacha kazi kabla ya kutimiza miaka mitano waliyoitaka, na zile mia tatu zikabaki kwao. Nimekosa punguzo kwa ajili ya fedha ambayo sikuishika. Mpaka leo inaniuma, na wewe usianze kunicheka.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: fedha ya masharti si yako.

Sasa, ningependa kukwambia uikimbie mipango ya mabosi, ila hesabu yako inanikatalia. Pato lako ni dola 84,000 na hujaolewa. Kwa mwaka 2025, kwa asiye na ndoa mwenye mpango kazini, punguzo linaanza kumeguka pato likivuka 79,000 na linaisha 89,000. Wakikuwekea wao peke yao, umeangukia katikati: unapata nusu, 3,500. Lakini ukikata dola 5,000 za mshahara wako ukaziweka kwenye 401(k) ya kawaida, pato linalotazamwa linashuka hadi 79,000, na 7,000 zote zinapata punguzo. Mpango uleule unaokunyang'anya ndio unaokurudishia. Sisi hakuna aliyetueleza hivi, na hata angetueleza, za kukata zingetoka wapi, na kodi ya nyumba ile? Hata hivyo, nasema tena, fedha ya masharti si yako.

Roth haijali mpango wa kazini. Inatazama pato tu, na kwa mwaka 2025 kwa asiye na ndoa aliye chini ya 150,000 inapokea yote.

Ipi sasa? Jibu ninalo, liko ulimini kabisa. Mama yako amekaa hapa ananikanya nisikuamulie, eti wewe si mtoto. Haya. Unachokata mwenyewe ni chako tangu siku ya kwanza; cha kwao waulize watu wa ajira kinataka miaka mingapi. Ya IRA ya 2025 unaweza kuweka hadi tarehe 15 Aprili 2026, kwa hiyo hakuna haraka. Wakishakujibu nipigie Jumapili, mama yako akiwa kanisani.

Baba yako