Usukani unaopiga baada ya kupandisha gari: usinunue dampa ya pili kabla hujalala chini ya gari

Mkuu, umesema gari lako lina ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachobeba magurudumu yote mawili), umelipandisha inchi 3, umefunga tairi za inchi 33, na sasa ukigonga kishimo ukiwa kwenye 70 usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kama unataka kukutoka mikononi, na hauachi mpaka ukaribie kusimama. Na umeambiwa dawa ni kufunga dampa mbili za usukani (silinda za kupunguza mtikisiko wake). Subiri kwanza. Mimi dampa hiyo niliinunua, tena kwa bei mbaya, ikaunyamazisha ugonjwa kama miezi miwili, kisha ugonjwa ukarudi ukiwa mkali kuliko mwanzo.

Tuelewane kwanza ni mtikisiko upi, maana watu huchanganya na kila mmoja anatoa dawa ya ugonjwa wake. Usukani ukitetemeka kuanzia kasi fulani, tuseme 90, halafu ukiongeza mwendo unatulia, na barabara ni safi, hiyo ni balansi ya tairi, au rimu imepinda, au tairi lenyewe si duara. Ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, kaangalie diski. Gari likitangatanga ukawa unalirudisha njiani kila saa kama ng'ombe mkaidi, lakini halitikisiki, hapo fikiria kasta (mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia likikata kona), au stelingi boksi (boksi la gia la usukani) iliyolegea. Wa kwako ni mwingine kabisa. Wenyewe unahitaji kichokozi, kishimo au tuta dogo, kisha ukishaanza unajilisha wenyewe hata kama barabara iliyobaki ni laini kama meza.

Ili uone kwa nini unajilisha, tazama kigurudumu cha mbele cha toroli la mizigo. Kimefungwa kwenye pini inayozunguka, kinafuata nyuma ya pini. Pini ikiwa imelegea, ukilisukuma toroli kwa haraka, kigurudumu kinaanza kupiga huku na huku kwa fujo. Hakuna kitu kilichovunjika. Kikienda kushoto ardhi inakirudisha, kinapitiliza katikati, kinaenda kulia, ardhi inakirudisha tena. Ekseli nzima ni magurudumu mawili ya namna hiyo yaliyofungwa pamoja kwa tairodi moja, kwa hiyo yakianza yanaanza yote. Gari lenye saspensheni huru mbele haliugui hivi mara nyingi, ndiyo maana jamaa yako mwenye gari la aina hiyo anakuona unatia chumvi.

Likikupata tena kabla hujatengeneza: shika usukani imara lakini toa vidole gumba ndani ya duara lake, achia mafuta, acha mwendo ushuke wenyewe. Usibane breki kwa hofu, na usijaribu kushindana nao kwa kuongeza kasi. Ukishasimama, kagua kabla hujaendelea, kwa sababu kupiga kwa sekunde kumi tu kunaweza kulegeza nati ambayo asubuhi ilikuwa imekaza.

Sasa ya kwangu. Ni Land Cruiser ya toleo la 80 (80 Series), springi za koili, nilipandisha milimita 75. Mafundi watatu kwa nyakati tofauti walilikagua na wote walisema mbele kuko sawa. Hawakunidanganya. Kila mmoja alilipandisha gari juu, magurudumu yakaning'inia, akayashika na kuyatikisa, akakuta hayachezi. Tatizo ni kwamba kulegea kulikokuwa kunanisumbua hakuonekani gari likiwa hewani. Kunaonekana likiwa limekaa kwa uzito wake kwenye tairi zake, na usukani unasukuma ekseli kweli.

Kwa hiyo siku moja nilifanya hivi. Gari sehemu tambarare, hendibreki juu, vigingi nyuma ya tairi, gea iko huru, injini inaunguruma ili pawa stelingi ifanye kazi. Mpwa wangu akakaa kwenye usukani, nikamwambia auchezeshe haraka kushoto na kulia, kidogo tu, kama saa nne na saa nane za duara, asiache mpaka nimwambie. Mimi nikalala chini. Usitegemee macho peke yake. Weka kidole kwenye kila kiungo, nusu ya kidole upande mmoja na nusu upande wa pili: ncha za tairodi, ncha za dragi linki (fito linalopeleka mwendo wa stelingi boksi kwenye magurudumu), mkono wa stelingi boksi, bolti za boksi lenyewe pale lilipofungwa kwenye chasi. Kiungo kizima unakisikia kinakwenda pamoja. Kilichokufa unakisikia kinapiga, upande mmoja unaanza na wa pili unachelewa. (Angalia nywele na mikono ya shati, kuna feni inazunguka huko mbele.)

Viungo vyote vilikuwa vizima. Nilipofika kwenye Panhard rodi, upande wa chasi, nikaona bolti inaruka ndani ya tundu lake. Milimita moja, pengine moja na nusu. Mpwa alikuwa anachezesha usukani na mimi naitazama ekseli nzima ikitembea pembeni kabla magurudumu hayajageuka.

Kwa asiyeifahamu: Panhard rodi ni lile fito la chuma lililolala kwa mshazari, ncha moja kwenye chasi, nyingine kwenye ekseli. Kwenye gari la koili, springi hazizuii ekseli kwenda pembeni, fito hilo ndilo linaizuia. Likicheza milimita moja, ekseli yote yenye tairi nzito ina milimita moja ya kupata kasi kabla ya kugonga, na hicho ndicho kinacholisha ule upigaji. Tairi zako za 33 ni nzito kuliko za kiwandani, kwa hiyo kulegea ambako zamani ungekuvumilia mwaka mzima bila kujua, sasa kunakutia adabu siku ya kwanza. Na kama rimu mpya zinatoka nje zaidi ya zile za zamani, kila kishimo kinapata mkono mrefu zaidi wa kuvuta usukani.

Chanzo cha tundu langu kilikuwa kazi ya kupandisha yenyewe. Aliyefunga alirudisha bolti nyembamba kuliko ile iliyotoka, na akaikaza magurudumu yakiwa hewani. Makosa mawili kwa mpigo. Bolti ya Panhard haishiki kwa kujaza tundu peke yake, inashika kwa kubana kuta za bano lake mpaka bushi ya katikati (kile kiungo cha mpira na chuma) isisogee. Isipobana vya kutosha inaanza kula chuma, tundu linakuwa yai, na tundu likishakuwa yai hata ukikaza vipi litarudi. Halafu bushi za mpira zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira unabaki umesokotwa siku zote gari likiwa chini, unachanika mapema. Bolti zote za mikono inayoishika ekseli na za Panhard unazigusisha tu gari likiwa juu, unalishusha, unalitikisa litulie, ndipo unakaza kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Sio kwa bomba refu na hasira.

Nilichomelea vipande vya bapa pande zote mbili za bano vyenye tundu la kipimo sahihi, nikaweka bolti ngumu ambayo sehemu yake laini, sio nyuzi, ndiyo inakaa ndani ya kuta. Kisha nikapiga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bano. Mstari ukikatika ujue nati imezunguka. Nimeuangalia baada ya kilomita 100 na baada ya 500, haujasogea. Kazi ya dakika moja na rangi ya kucha.

Ukiwa hapo chini, angalia pia jinsi Panhard na dragi linki zilivyolala. Zinatakiwa ziende sambamba, mshazari uleule. Kuna watu wanafunga mkono wa stelingi boksi ulioshuka ili dragi linki ilale vizuri, wanaiacha Panhard imesimama, na gari linaanza kujigeuza lenyewe kila springi inapobonyea. Ama unashusha zote ama huzigusi. Na kupandisha kunaivuta ekseli upande ule ambao Panhard imefungwa kwenye chasi. Piga hesabu: fito la milimita 900 ambalo ncha zake zimepishana kimo kwa milimita 100, ukiongeza 75, ekseli inasogea kama milimita 12. Hilo peke yake halileti kupiga, lakini ndilo linalofanya usukani usikae katikati na tairi moja ionekane imetoka nje. Panhard ya kurefushwa inalimaliza.

Kasta sasa, ambayo kila mtu atakutajia kwanza. Ni kweli kwamba ukipandisha gari lenye mikono mirefu, ekseli inajizungusha na kasta inapungua. Kwa hesabu ya haraka ni kama nyuzi 1 kwa kila inchi, ingawa inategemea urefu wa mikono. Gari langu kiwandani lilikuwa na karibu nyuzi 3. Nilipopima lilikuwa limebaki chini ya 1. Dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe ukitoka kwenye kona, na gari jepesi mno kwenye lami. Nilirudisha kwa bushi zilizotobolewa pembeni, na mwendo ukawa wa kiungwana. Ila kumbuka toroli: kigurudumu chake kina kasta ya kutosha kabisa na bado kinapiga pini ikilegea. Mimi nilirekebisha kasta kabla sijaigundua Panhard, na gari liliendelea kupiga vilevile, tena mara moja likapiga kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kasta ni lazima uirudishe, lakini kama kuna kitu kinacheza haitakuponya. Usizidishe pia, maana ukiizungusha ekseli sana pua ya difu inashuka na propela ya mbele inaanza kuunguruma.

Likiwa bado chini nakushauri ubadilishane tairi za mbele na nyuma kabla ya kutumia hela yoyote. Ugonjwa ukipungua sana, tairi zinahusika. Pima na upepo, tairi kubwa lililojazwa kupita kiasi linadunda badala ya kumeza kishimo.

Baada ya hapo ndiyo upandishe jeki, gurudumu moja moja. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu huzungukia likigeuka), au boljointi kama gari lako ni la boljointi. Shika kushoto na kulia: likicheza hivyo tu, ni ncha za tairodi. Kingpini zina ujanja wake, zinaweza zisicheze hata kidogo na bado zikawa mbovu, kwa sababu zinatakiwa ziwe na ugumu fulani wa kuzunguka. Ukifungua ncha ya tairodi na naka (kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo) ikazunguka kwa kidole kama mlango uliotiwa mafuta, ugumu umekwisha, na ugumu huo ndio breki ya asili ya huo upigaji. Kipimo kinachukuliwa kwa mizani ya springi, unavuta ncha ya mkono wa naka na kusoma kilo, kisha unapunguza au kuongeza shimu (vibapa vyembamba vya chuma) mpaka ufike kipimo cha kitabu. Kwa magari ya kingpini mimi hili ningelipa nafasi ya pili baada ya Panhard, na wengi hawalifikirii kabisa.

Tou, yaani jinsi tairi za mbele zinavyoelekea ndani au nje, unaweza kupima mwenyewe kwa futi kamba, mbele ya tairi na nyuma ya tairi kwa kimo cha ekseli. Mbele pawe pembamba kwa milimita 1 hadi 3. Kama ncha moja ya tairodi yako imeshikana kwenye dragi linki badala ya kwenye naka, kupandisha kutakuwa kumeibadilisha, kwa hiyo usiipuuze.

Stelingi boksi usiiguse ile skrubu ya juu mpaka umemaliza haya yote. Nimeona mtu akiikaza kutafuta dawa, usukani ukawa mgumu katikati, boksi likaharibika, na upigaji ukabaki palepale.

Dampa niliyoinunua ndiyo nilimalizia nayo. Baada ya kutengeneza tundu niliifungua kabisa, nikarudi kwenye kile kishimo changu cha siku zote, barabara tupu, nikaanza na 40, nikaongeza kumi kumi mpaka 80. Usukani ulishtuka mara moja na kutulia. Nikaifunga tena ile ya zamani ya kiwandani. Ile ya bei mbaya bado iko kwenye kisanduku chake.