Mhamaji, mhamiaji na kibao cha duka Tunduma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina duka la mablanketi na mashuka hapa Tunduma, si mbali na mpaka. Wateja wangu wengi wanatoka Nakonde, upande wa Zambia. Juzi fundi aliniandikia kibao kipya badala ya kile cha zamani cha DUKA LA MABLANKETI NA MASHUKA, BEI YA JUMLA: juu KARIBUNI, chini yake MWAISENI, neno la Kibemba lenye maana hiyohiyo. Jirani yangu amekasirika. Anasema hii ni Tanzania, kibao kiwe cha Kiswahili tu, na kwamba tunawabembeleza wahamaji mpaka watatumeza. Mwanangu naye amenionyesha kwenye simu kuwa hata Marekani na Kanada watu wanagombania vibao vya maduka. Naomba kujua: ni wahamaji au wahamiaji? Ni kibao au bango? Na je, nimekikosea Kiswahili?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jirani yako, maana neno alilolichagua limekwenda kinyume na alichotaka kusema.

Mtu akisema "amehama Tunduma", tunaelewa hayupo tena, ameshafunga virago. Akisema "amehamia Tunduma", ndiyo kwanza kafika, anaulizia chumba cha kupanga. Ni irabu moja tu, ile i ya kutendea, inayomgeuza anayeondoka kuwa anayeingia. Kwenye kuhama tunapata mhamaji, na neno hilo tumelizoea zaidi kwa mfugaji anayehamahama na ng'ombe wake kufuata majani na maji. Kwenye kuhamia tunapata mhamiaji, mtu aliyetoka kwao akaja kukaa kwetu. Ndiyo maana wale wanaogonga muhuri kwenye pasipoti hapo mpakani kwenu ni watu wa Uhamiaji, si Uhamaji. Kwa hiyo jirani alikusudia wahamiaji.

Hata hivyo, mama, hata nikimsahihisha bado hajasema kweli juu ya wateja wako. Mwanamke anayetoka Nakonde asubuhi, akanunua mablanketi matano, akarudi jioni kupika kwake, hajahamia popote. Huyo ni mteja. Na kama ni Mnamwanga, ana shangazi upande huu na binamu upande ule, kwa sababu Wanamwanga wako pande zote mbili na walikuwapo kabla mpaka haujachorwa. Ukishamwita mhamiaji umekwisha kumhukumu kabla hujazungumza naye. Nimesikia mijadala mingi ya namna hii ikiharibika kwa neno la kwanza tu, na ninaumia kila mara kwa sababu Kiswahili hakikutunyima maneno ya kutenganisha watu hawa.

Tunalo mgeni, ambaye anatarajiwa kuondoka au kushika jembe siku ya tatu. Tunalo mkimbizi, aliyekimbia balaa kwao. Wazee wa Ifunda mkoani Iringa na Kidugala kule Njombe wanajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakimbizi waliokuwa wakitunzwa huko walikuwa Wapolandi, wazungu kabisa, wanawake na watoto wengi. Na tunalo mlowezi, ambalo ndilo linalotumiwa hovyo kuliko yote. Kulowea ni kuhamia mahali ukakaa mpaka ukazoea, ukawa wa hapo. Lakini neno walowezi tumelifungia kwa wazungu waliokuja na serikali ya kikoloni nyuma yao, wakapewa ardhi, kama mashamba ya chai ya Mufindi. Kumwita mlowezi kijana wa Kikongo anayesuka nywele kwenye kibaraza cha kupanga ni kumpa nguvu ambayo hana.

Kibao na bango ni jambo jepesi. Kibao ni ubao mdogo, hata kama siku hizi ni bati au plastiki, na ndicho kinachokaa juu ya mlango wa duka. Bango ni kubwa, la barabarani au la kubeba kwenye maandamano. Chako ni kibao. Usikubali anayekuambia useme "alama ya duka"; alama ni ya barabarani au ya mtihani.

Sasa hiyo habari ya kwenye simu. Ni kweli. Katika miji ya California kama Monterey Park, miaka ya 1980, maduka ya Wachina yaliongezeka, vibao vya Kichina vikajaa, na waliokuwapo kabla wakalalamika kwamba hawaisomi tena mitaa yao. Mji mwingine wa jimbo hilo, Pomona, ulitunga amri kwamba kibao chenye herufi za kigeni lazima angalau nusu yake iwe kwa herufi za Kiingereza. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho iliitengua kwa kuwa ilibana uhuru wa mtu kujieleza. Kanada, katika jimbo la Quebec, sheria ya 1977 ilitaka vibao vya biashara viwe vya Kifaransa peke yake. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kuzizima kabisa lugha nyingine ni kupita kiasi, na mwaka 1993 sheria ikalegezwa: andika lugha nyingine ukipenda, mradi Kifaransa kionekane zaidi.

Mimi nawaelewa watu wa Quebec. Wanaozungumza Kifaransa wamezungukwa na bahari ya Kiingereza, na lugha yao ingeweza kumomonyoka huku wanaona. Lakini hofu yao haiwezi kuazimwa ikaletwa Tunduma. Hapo kwenu Kiswahili ndicho chenye bahari. Mfanyabiashara wa Nakonde anajifunza Kiswahili ili anunue kwako, na dereva wa lori linalokwenda Lubumbashi, Kongo, anakikuta hata huko.

Tena mwambie jirani akitazame kile kibao chako cha zamani, alichokiona cha Kiswahili safi: DUKA LA MABLANKETI NA MASHUKA, BEI YA JUMLA. Duka, bei na jumla yana asili ya Kiarabu. Blanketi ni la Kiingereza. Hela anayokulipa mteja ni jina la sarafu ya Mjerumani alipotawala hapa. Maneno haya yote yalihamia, yakalowea, na leo hakuna anayeyaomba pasipoti. Kilichoyafanya yawe Kiswahili ni vile vidogo vinavyoyashika: ma-, la, ya, na. Hivyo ni vya Kibantu, na Mbemba naye ana vya kwake vinavyofanana na hivyo.

Kwa hiyo hujakikosea Kiswahili, mama. Ninachokiogopa mimi kwenye vibao vya lugha mbili ni upande wa Kiswahili kuandikwa kama mabaki. Hapa Mbeya, karibu na soko la Mwanjelwa, niliwahi kusimama mbele ya mlango uliofungwa na kibao kikiniambia: FUNGUA SAA 8 HADI SAA 18. Ilikuwa karibu saa mbili asubuhi. Kwanza "fungua" ni amri. Kinaniamuru mimi nifungue. Kingesema "tunafungua" au "tuko wazi". Pili, saa 8 kwa Mswahili ni mchana, jua limeanza kupinda, na saa 18 haipo. Aliyeandika alichukua namba za lugha nyingine akazibandika kama zilivyo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikisoma kwa sauti, akahesabu vidole, akaondoka akisema atarudi mchana. Dakika kumi baadaye walifungua. Yule mama alikuwa ameshapanda daladala ya Uyole.

Wewe uko pabaya zaidi kuliko duka lile, kwa sababu saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukifungua saa 2 asubuhi, mtu aliyeko Nakonde anasoma 7:00 kwenye simu yake. Usimwachie fundi atafsiri namba. Mpe karatasi uliyoiandika mwenyewe. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: KARIBUNI. Chini yake, ndogo kidogo: MWAISENI. Kisha: Tuko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mstari wa chini yake: Zambia 7:00 – 17:00. Na ukitaka kuongeza onyo, andika kama tunavyosema, "Mali ikishauzwa hairudishwi", si ile "Hakuna kurudi bidhaa" niliyoiona mahali. Kabla rangi haijakauka, mwite mteja mmoja wa Nakonde akusomee mstari wa Kibemba, na huyo jirani yako akusomee wa Kiswahili.