Kabla Mtoto Hajalicheza Gemu, Licheze Wewe

Swali la wazazi huwa ni lile lile: mtoto ana miaka mitatu, kishikwambi kipo, nimwekee gemu gani? Wengine huleta na orodha ya gemu za bure walizokwisha kupakua. Zote zimeandikwa "za elimu", na kazi kubwa ya mtoto ndani yake ni kufunga matangazo. Majina machache nitayataja huko mbele, ila majina huchakaa. Muhimu zaidi ni kujua kukagua.

Kwanza, usiamini maandishi ya dukani. Neno "elimu" mtengenezaji hujiandikia mwenyewe. Alama ya umri nayo husomwa vibaya: 3+ maana yake humo hamna damu, matusi wala uchi. Haisemi kama mtoto wa miaka mitatu ataliweza. Hata sataranji hupewa alama hiyo. Angalia maneno madogo yaliyo karibu na jina la programu: "Ina matangazo" na "Ununuzi wa ndani ya programu". Yakiwepo yote mawili na mchezaji ana miaka mitatu, mimi huliacha hapo hapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2018, walikagua programu 135 za watoto wa miaka mitano kushuka chini, wakakuta asilimia 95 zina tangazo la aina fulani. Nyingine zilikuwa na wahusika wa gemu lenyewe wanaombembeleza mtoto anunue kitu. Mtoto wa umri huo hajui tangazo linaanzia wapi na mchezo unaishia wapi.

Sasa ukaguzi wenyewe. Pakua gemu, washa hali ya ndegeni, kaa peke yako dakika kumi na tano ulicheze. Gemu zuri la mtoto mdogo hufanya kazi bila intaneti. Likigoma kufunguka, jiulize linahitaji mtandao kwa ajili ya nani. Ukimaliza, rudisha mtandao ucheze tena kidogo, maana matangazo mengi hujitokeza wakati huo tu.

Kisha kosea makusudi, tena mara nyingi. Hapa ndipo gemu hujianika. Gemu bovu humwachia mtoto abonyeze kila kitu hadi jibu litokee, halafu linampigia makofi kana kwamba amefikiri. Mengine yana kosa lenye raha kuliko jibu: ukikosea, mnyama anaanguka puu na kupiga chafya, ukipatia unapewa nyota isiyo na sauti. Mtoto si mjinga, atachagua kukosea. Gemu lililofikiriwa vizuri hurudia swali kwa sauti, hupunguza machaguo kutoka manne hadi mawili, au huonyesha jinsi ya kufanya halafu humwachia mtoto arudie mwenyewe.

Baada ya hapo, usifanye lolote. Weka kishikwambi chini, uhesabu hadi kumi. Likianza kumeremetesha jibu ndani ya sekunde mbili, linamnyang'anya mtoto nafasi ya kufikiri. Mwisho, jaribu kutoka. Je, kazi ina kikomo, au ngazi inayofuata huanza yenyewe kabla hujanyanyua kidole? Gemu zisizo na mwisho, zenye zawadi ya kila siku na mhusika anayelia ukiondoka, ndizo chanzo cha vilio vingi vya kuzima kifaa. Lawama huangukia mtoto, na mzazi anasema mwanangu mkaidi, ilhali gemu limetengenezwa lisimwachie.

Vidole navyo vina umri. Wa miaka miwili huweza kugusa na kupapasa. Kuvuta kitu hadi upande wa pili wa kioo humshinda, kwa sababu kidole hunyanyuka katikati ya safari na kitu kinarudi kilikotoka. Kugusa mara mbili haraka haraka ni kugumu hata kwa wa miaka mitatu. Tafuta vitufe vyenye upana wa angalau sentimita 2, visivyopangwa kwenye ukingo wa chini ambako mtoto huegemeza kiganja. Ukiona mtoto anagonga kioo kwa hasira, chunguza mkono wa pili kwanza: mara nyingi kidole gumba kinagusa pembeni na programu inadhani kuna miguso miwili.

Maelekezo lazima yawe ya sauti, kwa lugha anayoielewa. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, ambayo washindi wake onebillion na Kitkit School walitangazwa mwaka 2019, yalijaribu programu za Kiswahili katika vijiji vya Tanga kwa watoto waliojifunza kusoma na kuhesabu wenyewe kwa vishikwambi. Gemu la Kiingereza la kupaka rangi halina shida. La herufi ni jambo jingine, maana sauti za "a, e, i, o, u" za Kiingereza zitamvuruga mtoto anayejifunza kusoma Kiswahili.

Vitabu vya hadithi vyenye picha za kubonyeza nivitaje haraka: kama kila ua na kila ndege analia akiguswa, mtoto atawinda sauti na kuiacha hadithi. Chagua vyenye kitufe cha kuzima hayo.

Majina sasa. Khan Academy Kids ni ya bure, haina matangazo wala malipo ya ndani, imekusudiwa miaka 2 hadi 8, ila ni ya Kiingereza zaidi. GCompris ina shughuli zaidi ya mia moja za miaka 2 hadi 10, nayo ni ya bure na haina matangazo. Sura yake ni ya kizamani, na watoto hawajali. ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, ni ya miaka 5 hadi 7: mtoto hupanga vipande vya picha kumfanya mhusika atembee, bila alama wala mshindi. Kama ningeambiwa nibakize moja kwa mtoto wa miaka sita, ningebakiza hiyo.

Kabla ya kumkabidhi kifaa, funga malipo. Mwaka 2014 Apple ilikubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi nchini Marekani ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya gemu bila ridhaa yao, kwa hiyo usidhani mwanao hawezi. Kwenye Google Play gusa picha ya wasifu, ingia Mipangilio, utafute uthibitishaji wa ununuzi, uchague kila ununuzi uombe nenosiri. Kwenye iPad ingia Settings, Screen Time, Content & Privacy Restrictions, uzime ununuzi wa ndani. Njia salama kuliko zote ni akaunti isiyo na kadi kabisa. Usitegemee kile kizuizi cha "mwite mzazi" ndani ya gemu. Kama kinataka tu kitufe kishikiliwe sekunde tatu, mtoto atakijua siku ya kwanza.

Halafu mfungie ndani ya programu moja. Kwenye iPad ni Guided Access, iliyo chini ya Accessibility: iwashe, weka namba ya siri, fungua gemu, bonyeza kitufe cha juu mara tatu (au cha Home kama kipo). Kabla ya kuanza unaweza kuchora duara kwenye kona yenye kitufe cha duka, na sehemu hiyo haitaguswa. Android ina kubandika programu, kwenye mipangilio ya usalama. Hakikisha umewasha sharti la PIN kabla ya kubandua, vinginevyo mtoto atatoka kwa bahati tu.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema chini ya miaka miwili kioo hakipendekezwi, na miaka 2 hadi 4 kisizidi saa moja kwa siku. Hesabu kwa kazi badala ya dakika: "ukimaliza picha hii tunazima" hueleweka kuliko "zimebaki dakika tano", kwani mtoto wa miaka mitatu hajui dakika ni nini.

Weka programu nne au tano tu, ubadilishe moja ikimchosha. Kabla ya kuifuta angalia kama kazi zake zimehifadhiwa kwenye akaunti, maana nyingine hufutika na michoro yote. Na zima masasisho ya kiotomatiki: gemu lililokuwa safi huweza kurudi na matangazo baada ya toleo jipya, kwa hiyo kila sasisho lipitishe kwenye ukaguzi ule ule wa dakika kumi na tano.