Jeni "Zimebadilika"? Kitenzi Hicho Kinawaumiza Akina Mama

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana pumu na ukurutu. Nimesoma mahali kwamba kwa wagonjwa kama yeye "jeni zimebadilika", na kwingine kwamba "usemi wa jeni" umebadilika. Niseme jeni imebadilika au zimebadilika? Na huu ukurutu nyumbani twauita pumu ya ngozi, ni sawa? – Mama wa Mkomani, Lamu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ngeli haina taabu: jeni ni I-ZI. Moja imebadilika, nyingi zimebadilika. Viambishi vimekwisha, sasa nipishe niseme na hicho kitenzi chenyewe, maana kimenikera siku nyingi.

Mama akiambiwa jeni za wagonjwa kama mwanawe zimebadilika, husikia kwamba mtoto ameharibika tangu tumboni. Jioni hiyohiyo ukoo huanza kuulizana ila imetoka upande gani, na Lamu hii, ambako kila nyumba yamjua babu wa nyumba ya pili, mwajua maneno hayo huishia wapi. Yote kwa sababu mwandishi aliona uvivu kutenganisha mambo mawili.

Jeni ni maagizo ambayo mwili huyafuata, basi chukua daftari la mapishi. Mtu akifuta "kikombe kimoja" akaandika "vitatu", daftari limebadilika. Lakini kama maandishi yako vilevile, ila mkate wa sinia uliopikwa Ijumaa tu sasa wapikwa kila mlo, na mahamri hayapikwi tena, kilichobadilika ni kazi ya jikoni. Katika pumu na ukurutu, mengi wanayoyapima watafiti ni hayo ya pili, yaani jeni zafanya kazi kiasi gani. Mwili ukitoa kwa wingi kemikali ziitwazo interlukini 4 na interlukini 13, huko kwenye njia ya hewa jeni ya MUC5AC hufanya kazi kupita kiasi, kohozi likawa jingi na zito. Kwenye ngozi mambo huwa kinyume: jeni ya filagrini, protini inayoisaidia ngozi kushika unyevu na kuzuia vichokozi, hulegea kazini. Ndiyo ile mikunjo ya viwiko iliyokauka ikapasuka, mtoto akaikuna usiku hadi shuka ikaingia matone ya damu. Herufi za jeni hazikuguswa. Na ndiyo maana dawa za steroidi, za kuvuta au za kupaka, huweza kuzituliza jeni zinazochochea uvimbe. Kilichopanda hushushwa. Mama amenyimwa habari hiyo njema kwa kitenzi kimoja!

Wapo wanaozaliwa na jeni ya filagrini iliyobadilika kweli. Uhusiano wake na ukurutu ulionyeshwa mwaka 2006. Hao ndio wenye haki ya neno "imebadilika". Mkiwagawia wagonjwa wote, hawa mtawaambia nini?

"Usemi wa jeni" nao siutaki. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua usemi halisi na usemi wa taarifa. Mpe usemi wa jeni, ataanza kutafuta alama za mtajo. Andikeni "utendaji wa jeni": umepanda, umeshuka. Mtafiti hapotezi kitu, na mama anaelewa.

Ama pumu ya ngozi, kisarufi ningeipiga vita. Pumu imetoka ukoo mmoja na pumua na pumzi, na ngozi haina mapafu. Lakini walioliunda neno hili walikuwa na macho: watoto wengi wenye ukurutu huja kupata pumu baadaye, na interlukini 13 inayosumbua kifua ndiyo hiyohiyo inayosumbua ngozi. Kwa hiyo nimeliacha lipite. Ila ukifika hospitalini taja ukurutu kwa jina lake na pumu kwa jina lake, kila mmoja una dawa yake. Ukiwa barazani na majirani, sema pumu ya ngozi, sitakukosoa.