UN haihesabu kura za binamu yako: yaliyonikuta Bukavu mwaka 2006

Ndugu, usifanye hivyo. Umeandika kwamba binamu yako anataka kugombea Juba, Sudan Kusini, kwenye uchaguzi uliosogezwa hadi Desemba 2026, wewe umepewa kazi ya kupanga mawakala wake wa kulinda kura vituoni, na fedha zote mmeamua ziende kwenye fulana na mikutano kwa sababu "UN watakuwepo, matokeo yatalindwa". Kisha ukauliza nchi iliyotoka vitani inafaa ianze na orodha za vyama (watu wanakipigia chama kura, kinagawiwa viti) au majimbo (kila eneo linachagua mbunge wake). Maneno yako hayo kuhusu UN, Umoja wa Mataifa, niliyatamka kwa kinywa changu Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwaka 2006, na kwa ajili yake mwalimu wangu wa sekondari alipoteza shamba na kiti cha ubunge.

Tarehe 30 Julai 2006 Kongo ilipiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya arobaini. Wapiga kura walioandikishwa walizidi milioni 25, wagombea urais 33, wagombea ubunge zaidi ya 9,000 kwa viti 500. Karatasi ya wabunge ilikuwa kubwa kama gazeti lililokunjuliwa, na kwenye miji mikubwa ilikuwa na kurasa kadhaa. Bukavu tulikuwa bado na kidonda cha Juni 2004, waasi walipouteka mji. Kwa hiyo tulipoziona helikopta za MONUC, kikosi cha UN nchini Kongo, zikishusha masanduku ya kura, wengi tulilia. Mimi pia. Tukajua wenye nguvu wameingia, hakuna atakayethubutu.

Mwalimu aligombea peke yake, bila chama. Aliuza shamba lake la Walungu na kunikabidhi fedha nipange mashahidi, ndio mnaowaita mawakala. Nilipata vijana wa kutosha vituo vyetu vyote 40. Asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili vituo kufunguliwa, nikampa kila mmoja dola tano mkononi, akaenda. Hapo ndipo nilipoua uchaguzi wetu, kabla kura hata moja haijaingia sandukuni.

Vituo vilifungwa saa kumi na moja jioni. Kura zilihesabiwa palepale darasani, na kituo nilichokuwa walianza na za urais. Karatasi moja inafunguliwa, inainuliwa, jina linatajwa, mstari unachorwa ubaoni. Kwa wagombea 33 ilikwenda hadi usiku. Kisha zikaja zile kubwa za wabunge, ambazo kuikunjua moja tu ilihitaji mikono miwili, na msimamizi alikuwa akisoma kwa taa, akitafuta alama ya kidole katikati ya mamia ya picha ndogo. Vijana wangu walikuwa hawajala tangu asubuhi. Wameshalipwa. Kwao kazi ilikuwa kuangalia watu wakipiga kura, na watu wameshapiga. Wakaenda kulala, mmoja mmoja, na mimi sikuwalaumu kwa sababu ndivyo nilivyowaelekeza.

Kwenye vituo 40 nilipata karatasi za matokeo zenye sahihi kutoka vituo saba. Saba!

Kwenye vile vingine alibaki mama mmoja tu, muuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pale Kadutu, niliyemwongeza dakika za mwisho kujaza pengo. Alikaa hadi alfajiri, akanakili ubao wote kwenye daftari la shule la mwanawe, jina kwa jina, kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya bluu ilikauka. Kituo kile mwalimu aliongoza kwa mbali. Matokeo yalipotoka kwenye kituo cha kujumlishia, idadi ya kura zake pale ilikuwa pungufu ya theluthi ya ile ya daftarini. Jumla tuliikosa nafasi kwa kura zisizofika mia mbili. Tukapeleka malalamiko. Wakili akalifungua daftari, akalitazama ukurasa kwa ukurasa, akauliza: sahihi ya msimamizi iko wapi? Haikuwepo. Mama hakuambiwa kwamba anayo haki ya kudai nakala ya karatasi rasmi iliyotiwa sahihi. Nani angemwambia? Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia, na mimi mwenyewe nilijua nusunusu.

Na nilijua nusunusu kwa sababu ya bwana mmoja aliyetufundisha siku tatu kwenye hoteli ya kando ya ziwa, shirika lake silitaji. Siku tatu za amani, uvumilivu na kukubali kushindwa. Nilimuuliza mbele ya watu wote: karatasi za matokeo zikitoka kituoni zinasafiri na nani? Akajibu kwamba jumuiya ya kimataifa inasimamia kila hatua, sisi tuhubiri utulivu. Miaka ishirini inakaribia na bado nikilikumbuka jibu lile damu inachemka. Alikuwa na ndege ya kurudi kwao Jumatano. Mwalimu hakuwa na shamba la kurudi.

Ukweli ni kwamba MONUC walibeba masanduku, wakalinda barabara, wakasaidia mipango. Waliohesabu ni Tume Huru ya Uchaguzi, yaani Wakongo wenzetu chini ya padri Malu Malu, darasa kwa darasa. Ndiyo maana neno "usimamizi wa kimataifa" lisikulevye. Kambodia mwaka 1993 UN yenyewe iliendesha uchaguzi. Namibia mwaka 1989 utawala wa Afrika Kusini ndio uliouendesha, UN ikawa juu yake kuusimamia na kuudhibiti. Bosnia mwaka 1996 OSCE, shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, iliongoza Tume ya Muda ya Uchaguzi iliyotunga kanuni, na hata hivyo fomu iliyowaruhusu wakimbizi kuchagua mahali pa kupigia kura ilichezewa mpaka uchaguzi wa mabaraza ya miji ukasogezwa hadi 1997. Kwenu UNMISS, kikosi cha UN cha Sudan Kusini, iko kusaidia. Kusaidia, ndugu yangu. Lisome neno hilo kwenye azimio la Baraza la Usalama lililowapa kazi, kisha ujiulize ni nani atakayekuwa darasani saa tisa usiku.

Tazama Ivory Coast mwaka 2010. Tume ya uchaguzi ilimtangaza mpinzani Ouattara kuwa mshindi wa urais, Baraza la Katiba likafuta kura za maeneo ya kaskazini na kumtangaza Gbagbo, rais aliyekuwa madarakani. Mjumbe wa UN, Choi Young-jin, alikuwa na kazi rasmi ya kuthibitisha matokeo, na alisimama imara kwa sababu ofisi yake ilikuwa na nakala zake za karatasi za vituo. Kama UN yenyewe, pamoja na askari wake, haikutegemea kuambiwa, binamu yako atategemea nini?

Kuhusu orodha au majimbo: Liberia mwaka 1997 waliifanya nchi nzima jimbo moja la orodha kwa sababu watu walikuwa wametawanyika na vita, na Charles Taylor, aliyekuwa mkuu wa waasi, akapata robo tatu ya kura. Lakini mfumo wowote mtakaopewa, hesabu yake itaanzia kwenye karatasi ya kituo. Kwa hiyo turudi hapo.

Futa fulana. Kila kituo weka watu wawili, wa mchana na wa usiku, na wa usiku alale mchana kutwa. Mpe chakula, maji, taa yake mwenyewe, kalamu mbili. Asubuhi mpe nauli tu. Malipo ayapate akikukabidhi karatasi ya matokeo yenye sahihi ya msimamizi na yake, na picha ya simu aipige kabla karatasi haijakunjwa. Akinyimwa nakala, aandike malalamiko palepale, na mashahidi wa wagombea wengine watie sahihi. Kisha tafuta watu wako wawili wasiochoka uwaweke kwenye kituo cha kujumlishia, usiku na mchana, mpaka hesabu ifungwe. Kinshasa mwaka 2006 vurugu kubwa ilikuwa huko kwenye vituo vya kujumlishia, na waangalizi wa Carter Center waliiandika.

Jimbo mnalolitarajia lina vituo vingapi, na cha mbali kabisa kinafikika kwa pikipiki au kwa miguu? Niandikie hapa leo, nikupigie hesabu ya watu wa usiku kabla hamjalipa fundi wa fulana.