Unataka Kusaidia Watoto wa Mitaani? Soma Kwanza Historia ya Undugu

Juzi dada mmoja wa Nakuru aliniandikia. Amepata kiwanja, ana marafiki walio tayari kuchanga, na anauliza aanzeje kituo cha kulaza watoto wa mitaani. Najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo, kwa hivyo namjibu mbele yenu.

Dada yangu, jengo liache kwanza. Soma habari za Undugu Society of Kenya, jumuiya ya kusaidia watoto wa mitaani. Ilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na Padri Arnold Grol, Mholanzi wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Siku hizo katikati ya jiji walijaa vijana walioitwa "parking boys": unamwonyesha mwenye gari nafasi ya kuegesha, unaambulia sarafu, usiku unajilaza barazani mwa duka. Polisi waliwakamata, wao wakarudi. Padri aliwafuata huko huko walikokuwa.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Ukimtoa mtoto mmoja barabarani, mwingine anachukua nafasi yake. Undugu wakajiuliza wanatoka wapi, wakaishia mitaa ya mabanda: Mathare, Pumwani, Kibera. Chini ya Fabio Dallapé, aliyeongoza baada ya Grol, kazi ikaingia ndani ya mitaa hiyo, kwenye makazi, biashara ndogo ndogo na vikundi vya akina mama. Mtoto aliyekosa shule alifundishwa masomo ya msingi kwa miaka mitatu, kisha mwaka wa nne akajifunza ufundi. Wengine waliwekwa kwa mafundi wa jua kali, wale wa karakana ndogo ndogo za mitaani. Waokota machuma walipangiwa masomo kwa namna iliyowaachia muda wa kutafuta riziki. Hayo yalifanyika miaka mingi kabla ya 2003, mwaka serikali ilipofuta ada za shule ya msingi na kuunda mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani.

Kikundi chetu ni kidogo, lakini njia hiyo ndiyo tuliyoishika. Kijana wetu wa kwanza alikuwa ananusa gundi karibu na stendi ya matatu. Hatukumpeleka popote kulala. Tulimtafuta mama yake, tukamkuta anauza mboga na kodi imemlemea, tukaanza na hiyo kodi. Kijana akarudi nyumbani, kisha tukamtafutia seremala katika soko la Gikomba, Nairobi. Leo ana meza yake ya kazi na anafundisha wengine, nami nikipita pale natembea kifua mbele. Sioni haya kusema.

Lakini kuna mfadhili mmoja bado ananiuma. Alikuja, akapiga picha na watoto wakiwa wamebeba mikate, akaahidi ada ya ufundi ya mwaka mzima. Picha tuliziona zimesambaa, ada hatukuiona. Vijana walinihoji mimi, si yeye. Tangu hapo mtoto wetu hapigwi picha na mgeni. Nakuomba nawe uweke sheria hiyo siku ya kwanza, na usiilegeze kwa sababu mgeni amekuja na gari kubwa. Mtoto wa mitaani ni mwana wa mtu. Tusimfanye tangazo, jamani. Tumwulize jina lake, tumwulize mama yake yuko wapi, tumpe ufundi. Nitalirudia hili hadi mchoke.

Na fundi usimwombe akufanyie bure. Mwanafunzi huharibu mbao, na mbao ni pesa. Sisi hununua mbao za kujifunzia, fundi anatoa muda wake, na kijana anapewa kitu kidogo kila Jumamosi tangu mwezi wa kwanza. Ukiiondoa hiyo Jumamosi atarudi barabarani, kwa maana huko hupata chochote kila siku, na nyumbani wadogo zake wanasubiri unga.