Shika hela ya SSD kwanza: Windows kugoma kwenye mashine mpya

Kamwene mkuu. Nimekuelewa hivi: kaka yako kaunganisha kompyuta mpya Dar, ikapakiwa kwenye basi mpaka Njombe, na sasa kila ukipiga Windows 11 inafika katikati, inagoma na kuleta kosa namba 0x80070570. Fundi wa hapo kakwambia SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili, imekufa, leta hela ya nyingine. Usitoe hata mia. Mimi nilitoa, tena mbiombio.

Ilikuwa 2022, mwezi wa saba, Mbeya ile ya kukaa na koti ndani ya nyumba. Nilikuwa naunganisha kompyuta ya steshenari yetu Mwanjelwa. Vipuri vyote vipya toka Kariakoo: prosesa, madabodi, RAM (memori ya kufanyia kazi) mbili za GB 8, SSD, pawa saplai. Ikawaka mara ya kwanza, BIOS, ile programu ya madabodi inayotangulia Windows, ikaonyesha kila kitu kipo, nikajiona fundi. Nikachomeka flashi yenye Windows. Asilimia 41, ikagoma. Nikarudia: 41. Ujumbe unaotokea unasema mafaili yameharibika au hayapo, na mtu yeyote akisoma hivyo anakimbilia diski, maana ndiko mafaili yanakoenda. Nikanunua SSD ya pili. 41 tena, bila aibu.

Ndipo nikajiuliza swali ambalo ningeanza nalo: mafaili yanatoka wapi? Yanatoka kwenye flashi yakiwa yamebanwa, yanafunguliwa ndani ya RAM, halafu ndiyo yanaandikwa kwenye diski. Gunia la viazi likifika sokoni nusu limeoza, mwenye stoo anatukanwa, wakati pengine viazi vilinyeshewa kwenye lori.

Flashi yangu niliinunua barabarani, imeandikwa GB 64, bei ya kutupa. Nikaipima kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi mpaka ukingoni kisha inasoma upya kilichoandikwa. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi majibu: sehemu ya kweli haifiki hata GB 4. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, kwa hiyo kilichozidi kiliandikwa hewani. Flashi feki haikatai kitu. Inaidanganya kompyuta kwamba imepokea, Rufus, programu ya kuandikia Windows kwenye flashi, inakwambia kazi imekwisha, nawe unachomoa ukiwa na furaha zako.

Nikaazima flashi nzima, nikasubiri bando la usiku, nikashusha ISO, lile faili la Windows, upya toka Microsoft badala ya ile niliyokopi kwa jamaa. Kabla ya kuiandika nikaihakiki: kwenye laptop yenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, unalinganisha mlolongo unaotoka na ule ulioko kwenye ukurasa wa kushushia. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo tupa.

Ikavuka 41! Nikaita watu waje waone. Ikafika 68, ikagoma. Nikarudia, 23. Nikarudia, 55.

Hapa ndipo nataka utulie, mkuu. Ikigomea palepale kila mara, shuku flashi au ISO. Ikigoma leo hapa, kesho kule, shuku RAM. Si msahafu, lakini tangu siku ile nimeshapiga Windows kwenye mashine nyingi na sijaona njia ya haraka kuliko hii ya kujua pa kuanzia. Wewe umeandika "katikati" tu. Katikati ipi?

Niliingia BIOS nikazima XMP, mpangilio unaoikimbiza RAM kuliko kawaida, ili RAM irudi kwenye kasi yake ya kawaida. Bado. Nikachomoa RAM moja, Windows ikaingia mpaka mwisho. Nikabadilisha, nikaacha ile nyingine peke yake, ikagoma. Kwa kujiridhisha nikawasha MemTest86, programu ya kupima RAM, toka kwenye flashi, na haikuchukua dakika kumi mistari ya makosa ikaanza kushuka. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM, usibembelezwe na mtu. Nilimtumia muuzaji picha ya kioo, akabadilisha bila maneno.

Sasa yako imetoka Dar kwa basi, imepanda Kitonga, imerushwa na matuta yote mpaka Njombe. Kabla ya kupima chochote, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umalize chaji iliyobaki, kisha fungua kasha. Toa RAM, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, rudisha ukikandamiza mpaka usikie kibanio kimelia. Ukibakiza moja kwenye madabodi ya sloti nne, nyingi zinataka ikae sloti ya pili ukihesabu toka kwenye prosesa. Tikisa kidogo na feni ya prosesa. Ikicheza, usiwashe mpaka uifunge upya.

Kwa atakayepita hapa akiwa na shida jirani: diski isipoonekana kabisa kwenye orodha, na prosesa ni Intel kuanzia kizazi cha 11, mara nyingi inakosekana draiva ya Intel RST inayoiwezesha Windows kuiona diski, diski haijafa. Ukiambiwa diski ni MBR, yaani imepangwa kwa mtindo wa zamani, bonyeza Shift na F10 dirisha la amri lifunguke, kisha andika moja moja: diskpart, list disk, select disk na namba yake, clean, convert gpt. Hiyo clean inafuta kila kitu, kwa hiyo namba ya diski itazame mara mbili. Niliwahi kuona jamaa anafuta picha za harusi yake mwenyewe.

Mkuu, piga Windows mara mbili bila kugusa kitu, andika asilimia inapogomea kila mara, halafu rudia na RAM moja moja. Lete namba hizo hapa pamoja na aina ya madabodi, tutaendelea. Ile SSD yangu ya pili ipo kwenye laptop ya mke wangu. Anajua ilikuwa zawadi.